Idhini Itolewayo Bila Kusomwa

Katika miji ya Tarime na Mugumu, na katika soko la Sirari lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, shughuli nyingi ambazo zamani zilimlazimu mtu kupanda gari kwenda Musoma au Mwanza, na baadhi yake kufika hata Dar es Salaam, siku hizi hukamilishwa juu ya meza moja ya steshenari. Mwanafunzi aombaye mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kijana atafutaye ajira ya serikali, mfanyabiashara asajiliye jina la biashara yake BRELA, na mzazi ajazaye fomu ya kitambulisho cha taifa, wote huketi kwa zamu mbele ya kompyuta ile ile, wakafunguliwa kivinjari kile kile, na humo wakaandika majina yao, nambari zao za NIDA, nambari za simu na nywila zao. Akiuliza mteja habari za usalama, mwenye duka humwonyesha alama ya antivirasi iliyo chini ya kioo, na mteja huridhika. Lakini hatari ninayokusudia kuieleza aghalabu haimo katika mambo ambayo alama ile huyatazama. Imo katika kona ya juu ya kivinjari chenyewe, nyuma ya kipicha kidogo chenye umbo la kipande cha picha ya kuunganishwa, ambacho watu wengi hukiona kila siku wasikibonyeze hata mara moja.

Ukikibonyeza, utaonyeshwa orodha ya viendelezi, yaani programu ndogo ndogo zilizoongezwa juu ya kivinjari ili kukipa kazi ambazo hakikuzaliwa nazo. Kabla ya kuvieleza sina budi kusema neno juu ya watangulizi wake, kwa kuwa bila wao hatutaelewa kwa nini hadhari ya zamani haitoshi leo. Tangu mwaka 1995, kampuni ya Netscape ilipofungua njia ya kupachika programu za watu wengine katika kivinjari chake, dunia ilipata programu-jalizi: Java ya kuendesha programu ndogo ndani ya ukurasa, Flash ya picha zinazotembea na michezo, na baadaye Silverlight ya Microsoft. Kasoro yake ilikuwa katika asili yake. Zilifanya kazi kwa uwezo wote alio nao mwenye kompyuta, na ufa mmoja ndani yake ulitosha kumpa mtu wa mbali kompyuta nzima kwa njia ya ukurasa uliofunguliwa tu, bighairi ya mwenyewe kubonyeza lolote. Mwaka 2012 kirusi kiitwacho Flashback kilipita katika ufa wa Java kikaambukiza kompyuta zaidi ya 600,000 za Apple, ambazo wenyewe wengi walikuwa wakiamini kwamba haziguswi na virusi. Na Januari 2013 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliwashauri watu waizime Java katika vivinjari vyao. Chrome iliacha kupokea programu-jalizi za namna hiyo mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017 isipokuwa kwa Flash, na Flash yenyewe ilifikia mwisho wa huduma tarehe 31 Desemba 2020, kisha kuanzia tarehe 12 Januari 2021 Adobe ikaizuia isifanye kazi kabisa.

Nimezitaja tarehe hizo kwa sababu zina faida hata sasa. Ukurasa wowote ule utakaokuambia leo kwamba Flash yako imepitwa na wakati, nawe upakue mpya ili utazame mpira au filamu, ni ukurasa wa laghai, wala hapana haja ya kuuchunguza zaidi. Hakuna Flash mpya ya kupakua.

Viendelezi vilishika nafasi ya programu-jalizi vikiwa na sifa ya usalama, na sifa hiyo ni ya kweli kwa upande mmoja: kiendelezi hakipewi kompyuta nzima, bali hufungwa ndani ya kivinjari. Lakini mtu na ajiulize, siku hizi kompyuta nzima ina nini kisichopita ndani ya kivinjari? Barua zake zimo humo, benki yake imo, ofisi zote za serikali anazozihitaji zimo. Kiendelezi kinaposakinishwa, kivinjari huleta kijisanduku chenye maneno machache, na miongoni mwa maneno hayo mara nyingi limo hili, kwamba kiendelezi kitaweza kusoma na kubadilisha data yako yote katika tovuti zote unazotembelea. Sentensi hiyo haina fumbo wala mzaha. Maana yake ni kama ilivyoandikwa. Kusoma ni kuona kila herufi iliyo katika ukurasa, pamoja na zile unazoziandika wewe kabla hujazituma. Kubadilisha ni kuweza kuondoa nambari moja ya akaunti na kuweka nyingine mahali pake, nawe usione tofauti. Watu wengi hubonyeza kitufe cha kukubali kabla jicho halijafika mwisho wa mstari, na wengi zaidi hubonyeza kwa sababu maneno yenyewe yamekuja kwa Kiingereza, ingawa Chrome huweza kupangwa izungumze Kiswahili, na kazi hiyo ni ya dakika chache katika mipangilio.

Yapo mambo mawili ambayo msomaji akiyafahamu vema atakuwa amepata kiini cha habari hii. La kwanza ni kwamba usimbaji unaolinda maneno yako yakiwa njiani, kutoka Mugumu hadi kwenye seva iliyo Dodoma au ng'ambo, haukizuii kiendelezi, kwa maana chenyewe kimesimama ndani ya kivinjari, pale ambapo maneno yamekwisha kufumbuliwa ili wewe uyasome. La pili ni kuki. Ukiingia katika akaunti yako kwa nywila, na pengine kwa tarakimu zilizotumwa katika simu yako, tovuti hukiachia kivinjari kijalada kidogo kiitwacho kuki, ambacho ni ithibati kwamba wewe ndiwe uliyeingia, ili usiulizwe nywila kwa kila ukurasa. Kiendelezi chenye idhini ya kutosha huweza kuichukua kuki hiyo na kuipeleka kokote, na mwenye kuipokea huingia katika akaunti yako bila kuulizwa nywila wala tarakimu za simu. Ndiyo maana mtu huweza kubadilisha nywila yake na kulinda simu yake kama mboni ya jicho, kisha asubuhi akakuta ukurasa wa Facebook wa duka lake unatangaza bidhaa asizozijua.

Viendelezi hufikaje katika kompyuta za Tarime? Mara nyingi kwa haja ya kweli. Mifumo mingi ya maombi hukataa faili lililozidi kipimo kilichowekwa, basi mhudumu wa steshenari, akiwa na foleni ya wateja na dirisha la maombi likikaribia kufungwa, hutafuta haraka chombo cha kupunguza ukubwa wa PDF, akakipata kiendelezi cha bure, akakiweka. Kesho akaweka kingine cha kugeuza picha kuwa PDF, kesho kutwa kingine cha kupakulia video, na cha nne cha kuzuia matangazo kwa sababu matangazo yanamla bando. Kila kimoja kilikuja kwa kazi ya dakika tano, na hakuna hata kimoja kilichoondolewa baada ya kazi kwisha. Baada ya miaka miwili kompyuta ile ina viendelezi kumi na tano, na kila mteja anayeketi pale hutazamwa na vyote, ilhali yeye hakuviweka, hakuvikubali, wala hajui kama vipo.

Pengine msomaji atasema kwamba alikichagua kiendelezi chake kwa makini, kina watumiaji wengi na sifa nzuri, na hayo yote ni kweli. Shida ni kwamba idhini hutolewa mara moja, lakini kiendelezi hubadilika daima, kwa kuwa hujisasisha chenyewe pasipo kumwuliza mtu. Wafugaji wa Tarime na Serengeti wanaijua hatari ya mlinzi wa zizi ambaye ameacha kazi kimyakimya na kumpa mgeni fimbo yake na nafasi yake: ng'ombe hawaoni tofauti, na mwenye mali amelala. Hilo lilitokea kwa kiendelezi kilichoitwa The Great Suspender, kilichopendwa na watu zaidi ya milioni 2 kwa sababu kilipunguza mzigo wa kompyuta zenye kumbukumbu ndogo. Mwaka 2020 mtengenezaji wake alikiuza kwa mtu asiyejulikana, matoleo ya baadaye yakaingizwa mambo ambayo hayakuwamo katika msimbo uliowekwa hadharani, na Februari 2021 Google ikakiondoa katika duka lake na kukizima katika vivinjari vya watu kwa sababu kilikuwa na madhara. Wale milioni 2 hawakukosea siku walipokisakinisha. Kilichobadilika ni mwenyewe.

Wala si lazima kiuzwe, huibwa pia. Mwaka 2017 mtengenezaji wa kiendelezi cha Web Developer, chenye watumiaji zaidi ya milioni moja, alilaghaiwa kwa barua pepe ya uongo akatoa nywila yake, na mwizi akatuma toleo lenye matangazo haramu kwa watumiaji wote. Lakini tukio lililonisumbua zaidi ni la Cyberhaven, kwa kuwa hiyo ni kampuni ambayo biashara yake yenyewe ni kulinda data za wengine. Siku ya mkesha wa Krismasi ya mwaka 2024, mfanyakazi wake mmoja alipokea barua iliyojidai kutoka katika duka la viendelezi la Google, ikimtishia kwamba kiendelezi chao kitaondolewa kwa kuvunja masharti. Akafuata kiungo, akafikishwa katika ukurasa halisi wa Google, akaombwa atoe idhini kwa programu fulani, akaitoa. Usiku ule ule toleo lenye sumu lilipanda katika duka, likapita ukaguzi wa duka, likaenda kwa watumiaji takriban 400,000, likitafuta hasa akaunti za matangazo ya Facebook. Kampuni iligundua na kuliondoa siku ya Krismasi yenyewe. Na tukio hilo lilitokea baada ya Google kuanza kulazimisha kanuni mpya zinazovikataza viendelezi kuleta msimbo kutoka seva za mbali, kanuni ambazo ni njema na zilihitajika, ila haziwezi kumzuia mwizi aliyepata ufunguo wa mwenye mali.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike habari hii kwa ajili ya wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, hasa, na si kwa ajili ya mji mwingine wowote wenye steshenari.

Katika Serengeti na Tarime yapo mashirika yanayowapa hifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa, kitendo ambacho sheria ya nchi ilikwisha kukiharamisha kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Huko Masanga, wilayani Tarime, lipo shirika la ATFGM. Na Mugumu, wilayani Serengeti, ipo nyumba salama iendeshwayo na shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Bi. Rhobi Samwelly. Kazi yao hupamba moto hasa mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa na msimu wa ukeketaji unapowadia. Ni kazi ambayo tarakilishi na simu zimeingia kwa manufaa makubwa: wajitolea wa vijijini hupeleka taarifa kwa simu zao, na kwa msaada wa mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, vijiji na njia ambazo hazikuwamo katika ramani yoyote vimechorwa katika OpenStreetMap, ili anayekwenda kumwokoa binti usiku ajue njia ya kufika nyumbani kwao. Ramani hiyo ni ya hadhara, na uzuri wake ni kwamba ni ya hadhara. Jina la binti, kijiji alikotoka, jina la baba aliyemtafuta, na chumba anacholala usiku huu, hayo ni siri ambayo usalama wake unategemea kutojulikana. Na mambo hayo mawili, la hadhara na la siri, hukaa bega kwa bega katika madirisha mawili ya kivinjari kimoja.

Sisemi kwamba lolote baya limetokea katika nyumba hizo, na sitaki mtu anielewe hivyo. Nasema kwamba mahali penye taarifa za namna hiyo, kiendelezi cha kutafsiri kurasa au cha kusahihisha tahajia, ambacho hupeleka maneno ya ukurasa katika seva za mtu mwingine ili kuyafanyia kazi, si jambo dogo hata kama mwenyewe ni mwaminifu kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu taarifa zihusuzo watoto kuwa taarifa nyeti, nayo inamtaka kila anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume iliyoundwa na sheria hiyo na azilinde. Ofisi yenye orodha ya watoto, iwe shule, zahanati au nyumba salama, inapaswa kuwa na kivinjari kisicho na kiendelezi hata kimoja. Katika hilo sioni nafasi ya hiari.

Je, antivirasi haisaidii hapa? Husaidia kidogo, na ni haki kueleza kwa nini ni kidogo. Kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya IBM kuenea duniani kiliitwa Brain, kilitungwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, na tangu zama hizo kazi ya antivirasi imekuwa kutambua msimbo mbaya, kwanza kwa alama zake zinazojulikana, kisha kwa mwenendo wake. Lakini kiendelezi hakiingii kwa ufa. Huingia kwa mlango, kwa idhini yako, kikiwa na muhuri wa duka la Google au Mozilla, na mwenendo wake wa kusoma kurasa ndio mwenendo uliouruhusu wewe. Antivirasi nyingi hukitazama kama mwanafamilia. Kwa hiyo dawa ya viendelezi ni kupunguza idhini, na antivirasi ibaki kwa maradhi yake yenyewe, ambayo katika steshenari zetu hayajakwisha.

Maarufu kuliko yote ni kirusi cha flashi. Mteja huleta flashi yenye barua yake, akachomeka, na folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato. Kumbe folda halisi zipo pale pale, zimefichwa tu, na kila njia ya mkato ikibonyezwa huendesha kirusi kwanza kisha ikafungua folda, ili mtu asishuku. Mhudumu huchapa barua, anachomoa flashi, na flashi inayofuata huondoka nacho kwenda ofisi ya kijiji, shuleni, au kambi ya watalii huko Robanda. Hapo antivirasi iliyosasishwa ina kazi ya kweli, nami simshauri mtu yeyote mwenye duka la namna hiyo aendeshe kompyuta bila antivirasi hata siku moja.

Ipi basi? Kwa kompyuta ya Windows 10 au 11, jibu langu ni ile iliyokuja nayo, Microsoft Defender, ambayo haina malipo, haina tarehe ya leseni kwisha, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikipata daraja za juu katika majaribio ya maabara za AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria. Msomaji anayetaka kuchagua nyingine na asome matokeo ya maabara hizo mbili, tena ya miezi kadhaa na si ya mwezi mmoja, kwa sababu kampuni zote hupanda na kushuka. Zisiwekwe mbili kwa pamoja, maana hupingana na kuilemea kompyuta. Na mtu aliyenunua leseni ya mwaka mmoja Mwanza, ikaisha, akaiacha programu ile ikikaa bila alama mpya, hana kinga. Ana picha ya kinga. Heri aiondoe, na Defender itarudi kazini. Anayetaka kujua kama antivirasi yake ingali macho anaweza kutumia faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 tu, lisilo na madhara yoyote, ambalo kampuni zote zimekubaliana kulishika kana kwamba ni kirusi. Likipita salama, kuna jambo la kurekebisha.

Liko swali la bando, nalo si dogo kwa mtu anayeunganisha kompyuta kwa simu. Windows ikiambiwa kwamba mtandao ni wa kupimwa, huweza kuahirisha masasisho, na kinga ikadumaa kwa majuma. Microsoft hutoa faili la alama mpya ambalo huweza kupakuliwa katika kompyuta moja yenye mtandao na kupelekwa kwa flashi safi katika nyingine zote. Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari akiifanya kazi hiyo kila Jumatatu, chumba kizima cha kompyuta kimehudumiwa. Kubwa kuliko hilo ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ila kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza. Antivirasi yake huendelea kupokea alama, lakini nyufa za mfumo wenyewe hazizibwi tena. Na Windows ya bandia, ile iwekwayo kwa programu ya kuvunja leseni ambayo sharti lake la kwanza ni kuzima antivirasi, imeanza maisha yake kwa kumtii mtu asiyejulikana. Sina njia ya upole ya kulisema hilo.

Walakini lipo jambo ambalo wauzaji wa antivirasi hawapendi kulitaja. Antivirasi nayo ni programu iliyopewa idhini, tena idhini kubwa kuliko zote: husoma kila faili, hutazama kila ukurasa, na hukaa karibu kabisa na moyo wa mfumo. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro, lililotumwa na kampuni ya CrowdStrike kwa nia njema kabisa, lilizilaza kompyuta takriban milioni 8.5 ulimwenguni, viwanja vya ndege vikasimama na hospitali zikaahirisha kazi. Hiyo ilikuwa ajali. Habari ya Avast haikuwa ajali. Kampuni hiyo ya Ucheki, ambayo antivirasi yake ya bure imejaa katika kompyuta za Afrika Mashariki, ilikuwa ikikusanya anwani za kurasa walizotembelea watu, kwa njia ya viendelezi vyake vilivyojidai kuwalinda na kwa njia ya antivirasi yenyewe, na kuziuza kwa njia ya kampuni tanzu yake iitwayo Jumpshot. Mozilla iliviondoa viendelezi vile Desemba 2019, waandishi wa habari wakaianika biashara hiyo Januari 2020, Jumpshot ikafungwa mwezi huo huo, na mnamo Februari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuikataza kuuza habari hizo kwa ajili ya matangazo. Mtu aliyekuwa akiogopa kupelelezwa na wageni alikuwa akipelelezwa na mlinzi wake. Kwa hiyo antivirasi ikikuomba uongeze kiendelezi chake katika kivinjari, kataa. Kinga iliyo nje ya kivinjari inatosha. Na ujumbe unaoruka katika kona ya kioo ukisema kompyuta yako ina virusi vitano, ilhali jina lililo juu yake ni la tovuti ya sinema au ya mpira, hautoki katika antivirasi yoyote, bali umetoka katika tovuti ambayo siku moja uliiruhusu ikutumie arifa. Iondolee ruhusa hiyo katika mipangilio, na virusi vile vitano vitatoweka pamoja nayo.

Kwa wenye simu, ambao ndio wengi katika wilaya hizi, habari ni nyepesi kidogo, kwa kuwa Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Hatari yao kubwa ni programu zinazosambazwa kwa WhatsApp nje ya duka la Google Play, hasa zile za mikopo ya haraka, zinazoomba ruhusa ya kusoma ujumbe na majina yote yaliyomo katika simu.

Kwa mwenye steshenari liko tendo moja lenye thamani kupita mengine yote, nalo halina gharama. Chrome ina dirisha la mgeni, linalofunguliwa kwa kubonyeza picha ya mtumiaji iliyo juu ya kivinjari. Ndani ya dirisha hilo viendelezi vyote havifanyi kazi, na likifungwa, kuki na historia ya mteja huondoka naye. Kila mteja na ahudumiwe humo. Viendelezi ambavyo duka haliwezi kuishi bila hivyo vibaki katika dirisha la mhudumu mwenyewe, navyo vipangwe visome ukurasa pale tu vinapobonyezwa, jambo ambalo Chrome huliruhusu. Kazi ya kupunguza PDF haihitaji kiendelezi. Iko programu ya LibreOffice, ya bure, isiyohitaji mtandao, ambayo huweza kuhifadhi PDF kwa ukubwa mdogo zaidi na hati ya mteja haitoki nje ya chumba.

Aliyekwisha kudhurika asinyamaze: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayatambua makosa ya kuingilia mifumo na kuiba data, na Mamlaka ya Mawasiliano ina kitengo cha TZ-CERT kishughulikiacho matukio ya namna hii. Lakini nawaomba wenye steshenari wa Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu, na walimu wakuu, na waangalizi wa nyumba salama kabla Desemba haijafika, wafungue orodha ile ya viendelezi, wasome jina moja baada ya jingine, na kila ambacho hawawezi kueleza kiliwekwa na nani na kwa kazi gani, wakiondoe siku hiyo hiyo.